Makasha Matatu Yaliyovuka Mpaka

Védaste alikuwa mtu wa utaratibu, na alipenda watu wajue hivyo. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amepiga video za harusi za Gisenyi, upande wa Rwanda, na za Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo, na kila harusi ilikuwa na karatasi yake: tarehe, majina ya bwana na bibi, jina la msemaji wa kila upande, na namba ya diski ilimohifadhiwa. "Mi sijapoteza harusi ya mutu hata moja," alizoea kusema. Aliyasema maneno hayo mara nyingi hivi kwamba mkewe Claudette, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akiyamalizia kutoka jikoni bila kuinua macho.

Harusi zenyewe zilikaa katika kabati la sebuleni, kwenye diski kumi na moja. Nyingi zilikuwa ndogo za mfukoni. Tatu zilikuwa kubwa, alizozinunua zamani zikiwa zimefungwa kila moja ndani ya kasha lake jeusi la plastiki, na kila kasha na chaja yake na waya wake. Mtu akija kuomba nakala, alimngoja Védaste apige magoti nyuma ya televisheni, atafute tundu la umeme, achomoe hiki, achomeke kile, na kunung'unika.

Na watu walikuja. Hilo hakulitarajia. Zamani walichukua DVD yao wakaenda zao, basi. Sasa walikuwa wakirudi baada ya miaka kumi au kumi na tano, na hawakuuliza gauni la bibi harusi. Walitaka kumwona shangazi aliyekwisha kufa akicheza, au ua wa nyumba waliyoiacha Goma, au namna babu alivyokuwa akitembea. Ndipo mwezi wa pili mwaka huu Védaste akaamua kutengeneza ile ambayo rafiki yake Nshuti aliiita seva: kompyuta ya zamani inayowaka saa zote nyumbani, na diski zote zimeunganishwa nayo, ili harusi yoyote ipatikane ukiwa umekaa mezani kama mtu mwenye heshima zake.

Kompyuta haikumpa shida. Kilichompa shida ni makasha. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na nafasi ya diski mbili tu, zilizobaki lazima zikae nje, na diski inayokaa nje yahitaji nyumba. Alitumia mwezi mzima kuchagua nyumba hiyo. Nshuti, anayetengeneza kompyuta katika chumba kimoja karibu na soko, alimwona mara nyingi mpaka akamtengea kigoda chake.

Alianza na kile kisimamio kilicho wazi, ambacho diski zinachomekwa juu kama mkate uliokatwa. Kilikuwa rahisi na chepesi. Claudette alikikataa siku ileile. Alikuwa hajasahau wiki ambayo volkano ililipuka upande wa pili na mji wote ukatikisika usiku na mchana, vyombo vikitembea vyenyewe mezani.

"Ikitikisika tena, yote itaanguka chini," alisema. "Na mi sitaokota harusi za batu kwenye simenti."

Akaenda kwenye makasha ya chuma ya diski mojamoja. Hayo yalikuwa imara, lakini kila moja lilitaka chaja yake, na hapo angekuwa amerudi palepale nyuma ya televisheni. Kisha akapenda kasha kubwa la diski nne, zuri kwelikweli, linalozichanganya zote zikawa kama diski moja. Nshuti alitikisa kichwa.

"Grand, sikiliza muzuri," alimwambia. Ndivyo alivyomwita siku zote, kwa kuwa Védaste alimzidi miaka kumi na zaidi. "Hii inagawa kila faili: kipande hapa, kipande kule. Siku kasha inakufa, unatoa diski moja unaweka kwa kompyuta ingine, haisome kitu. Hapana, we chukua ile yenye inaacha kila diski peke yake."

Ndivyo walivyofika kwenye la nne: nafasi nne, kila diski inajitegemea, feni nyuma, waya mmoja wa kwenda kwenye kompyuta na chaja moja tu. Hata hapo Védaste hakununua kabla ya kuuliza la mwisho. Umeme wa mtaani kwake hukatika ukarudi, ukakatika tena. Je, ukirudi, kasha hili linaamka lenyewe au linangoja mtu aje kubonyeza? Nshuti alikiri kwamba hakuwahi kulifikiria. Wakatafuta lenye swichi ya kawaida, inayobaki pale ulipoiweka, na kwa wiki nzima Védaste alimsimulia kila aliyekutana naye kwamba fundi mwenyewe alikuwa hajui. Mtu akijifunza jambo moja hataki lipotee bure.

Kasha lilifika kwa basi kutoka Kigali Jumanne. Claudette alikuwa Musanze kwenye mafunzo ya walimu. Védaste alitandika taulo mezani, akafungua yale makasha meusi matatu kwa ncha ya kisu cha siagi, akazitoa diski kubwa. Ya kwanza aliiingiza katika kasha jipya, ikasoma. Ya pili ikasoma. Ya tatu alikuwa ameishika mkononi pale mlango ulipogongwa.

Alikuwa ni Belyse, binti wa mjomba wake, anayekaa Birere upande wa Goma. Belyse huvuka Petite Barrière, kituo cha mpaka cha waendao kwa miguu, karibu kila asubuhi na biashara yake, na siku hiyo alipita kumletea beseni la sombe, yaani majani ya muhogo, imepikwa kwa mawese, bado ya moto, kwa sababu alisikia kwamba wifi yake hayupo na kaka yake angekufa njaa.

Walikaa, wakaongea habari za mjomba na miguu yake. Belyse alipoinuka kwenda, Védaste alihamisha sombe kwenye sufuria, akaliosha beseni, halafu akasimama nalo. Hakuna mtu wa kwao anayerudisha chombo cha mgeni kikiwa kitupu. Hata chumvi utatia, hata maharage vikombe viwili. Lakini jikoni hakukuwa na kitu: viazi vilikuwa vimeisha, mayai mawili yalibaki, na mayai mawili ni matusi. Akatazama mezani. Yale makasha meusi matatu yalikuwa pale na chaja zake, mazima, hayana kazi tena. Akayapanga ndani ya beseni.

"Haya jirani wako wa mambo ya nyaya atayataka," alimwambia.

"Asante mingi, kaka. Hizi ni bintu bya maana," alisema Belyse, akajitwika beseni akaenda.

Védaste alirudi mezani akiwa ameridhika na nafsi yake. Kesho yake alikuwa na harusi Rubona na betri zilikuwa bado hazijachajiwa. Aliisukuma diski ya tatu mahali pake, akaona taa yake imewaka, na kwenye orodha yake ya diski akaandika "sawa" mara tatu. Mtu wa utaratibu alikagua diski mbili na kuiamini ya tatu kwa sababu ya ndugu zake.

Wiki mbili zikapita. Alhamisi moja akaja Umuhoza, mama mwenye watoto wawili, anayefanya kazi kwenye ofisi ya wilaya. Védaste alimfahamu vizuri, maana ndiye aliyepiga video ya mahari yake, na baba yake, mzee Bizumuremyi wa Rugerero, alikuwa msemaji anayetafutwa kuliko wote pande hizo. Familia ya binti ikimpata Bizumuremyi kusimama upande wao, upande wa kijana ulianza kutoka jasho kabla hajafungua mdomo. Mwezi wa tano mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia kikachukua na maneno yote.

"Tonton, Papa haseme tena, unajua," Umuhoza alisema, akimwita mjomba kwa heshima. "Sasa mahari ya mudogo wangu Kayitesi ni Jumamosi ya wiki kesho. Baba mudogo atasimama pa nafasi yake. Lakini tunataka wageni wasikie kwanza sauti ya Papa mwenyewe, ile salamu alitoa kwa mahari yangu. DVD yetu imechubuka, haichezi. Hatuna ingine."

"Iko," alisema Védaste. Hakuhitaji hata karatasi. "Jumamosi hii nitakuletea nyumbani."

Umuhoza alishukuru kwa mikono miwili. Alipotoka, Védaste akakaa mbele ya kompyuta, akafungua diski ya kwanza, ya pili, akatafuta ya tatu. Haikuwapo. Akatazama taa yake, inawaka. Akatazama tena. Kompyuta ilikuwa inaiona diski lakini haikuona kitu ndani yake, na ilimuuliza kwa adabu kama angependa iitayarishe upya, yaani ifute kila kilichomo. Kitufe cha kukubali kilikuwa tayari cha buluu.

Miaka minne ya harusi ilikuwa kwenye diski ile. Alijaribu waya mwingine, nafasi nyingine. Kidole chake kilikaa juu ya kipanya kwa muda, maana mtu aliyeogopa hukubali chochote anachoulizwa. Mwishowe akazima kila kitu, akaichomoa diski, akaifunga kwenye taulo, akaenda kwa Nshuti kwa miguu.

Nshuti aliiunganisha, akaitazama, akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake.

"Diski haikufa, grand. Iko muzima kabisa. Ile kasha yake ya zamani ndiyo ilikuwa na akili. Ndani yake kuko kibao kidogo, ndiyo kinaandika byote kwa siri na kinasoma kwa siri. Ufunguo iko kwa kile kibao. Bila kibao, hapa kuko fujo tu."

"Na zile ingine mbili? Zinasoma."

"Zile ni za zamani zaidi, hazikuwa na ile mambo. Kasha yake iko wapi?"

Védaste alichelewa kujibu. "Nilimurudishia Belyse beseni nayo ndani," alisema.

Nshuti alifungua mdomo acheke, kisha akaufunga. Naye alikuwa amezaliwa Goma na kulelewa na mama wa aina ileile. Alimwonyesha namba iliyochapwa kwenye diski, akamwambia aiandike: ileile itakuwa chini ya kasha lake.

Aibu aliyoisikia Védaste njiani kurudi ilikuwa kubwa kuliko hasara. Alikuwa ametumia mwezi mzima kuchagua nyumba mpya, na zile za zamani alizitoa kwa muda wa kusuuza beseni. Jioni alimweleza Claudette. Alitazamia amtanie kuhusu "harusi ya mutu hata moja", na Claudette hakumtania, jambo lililomuumiza zaidi. Alimpigia pasi shati tu.

Asubuhi alipanga foleni ya Petite Barrière na kitambulisho mkononi, kati ya wanawake wenye karoti na kabichi, ile namba ikiwa kwenye mfuko wa shati. Belyse alikuwa dukani kwake Birere, chumba cha mbao kilichojaa unga wa muhogo. Alimpa kiti kabla hajamuuliza chochote.

"Yale makasha meusi," Védaste alisema. "Yako wapi?"

"Ah, kaka, yale yamenisaidia mupaka basi. Chaja nilimupa jirani. Makasha yako hapo." Akamwonyesha kwa kidevu.

Magunia ya unga yalikuwa juu ya ubao, na ubao ulikuwa juu ya makasha matatu, ili maji ya mvua yanayopita chini ya mlango yasifikie bidhaa. Védaste alihesabu magunia. Yalikuwa manne, na kila moja lilikuwa na kilo zake hamsini.

Wateja wawili walikuwa wamesimama pale. Védaste, na shati lake la pasi, alilala kifudifudi sakafuni, akawasha tochi ya simu, akaanza kusoma namba chini ya ubao, unga ukimwingia puani. La kwanza halikuwa. La pili halikuwa. La tatu lilikuwa kwenye pembe iliyobeba zaidi, na lilikuwa limepasuka kutoka upande hadi upande, lakini namba ilisomeka, na ilikuwa yenyewe.

Belyse alipoelewa, alikaa chini palepale kwenye unga. "Juu ya nini haukuniambia kama yana kitu ndani?"

"Mi pia sikujua. Nilijua ni kasha tu."

Hakuweza kulichukua mpaka kitu kingine kisimame badala yake. Akaenda nje, akaokota mawe meusi ya volkano, ambayo Goma haiishiwi, wakayahamisha magunia manne, yeye na Belyse na mteja mmoja aliyekuwa na haraka. Kwenye mpaka, akirudi, afisa wa forodha aligeuza lile kasha lililopasuka, akamuuliza ndani kuna nini. Védaste alijibu kwamba halina kitu.

Kibao kilikuwa kimepinda pembeni na tundu la waya lilikuwa limeng'oka. Nshuti alifunga mlango wa chumba, akavaa miwani, akafanya kazi ya kuunga kwa risasi kuanzia saa nane mchana hadi karibu saa kumi na moja. Védaste alikaa kwenye kigoda chake. Hakuna aliyemwambia kwamba ingewezekana. Nshuti alipounganisha chaja nyingine yenye nguvu sawa na kuwasha, diski ilizunguka, ikanguruma kidogo, na baada ya muda orodha ikatokea: majina ya bwana, majina ya bibi, tarehe. Védaste alijipangusa uso kwa leso, na hakujali Nshuti akimwona.

"Sasa unakili byote kwa diski ingine, leo leo," Nshuti alisema. "Hii kibao usiitegemee."

Alinakili mara mbili. Diski moja mpya akaiweka kwenye kasha la nafasi nne, nyingine akaipeleka kwa Nshuti ikae huko. Na kwenye orodha alifuta neno "sawa" akaandika tarehe ambayo alifungua kila faili akaiona kwa macho yake.

Jumamosi alikwenda Rugerero kwa pikipiki, kompyuta ndogo ikiwa kifuani. Umuhoza alimpokea, akamwingiza sebuleni. Mzee Bizumuremyi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto. Védaste alimwamkia kwa heshima zote. Mzee alikuwa ameelekeza macho uani na hayakusogea.

"Haelewe kitu, tonton," Umuhoza alisema, si kwa ubaya, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imenyesha. "Tangu hospitali iko vile. Tunaongea mambo yetu hapa, yeye anaangalia kuku. Weka tu, tuchague kipande."

Védaste aliweka kompyuta kwenye meza ya katikati, akabonyeza. Hema jeupe, viti, wageni pande mbili. Bizumuremyi akasimama katikati yake, mnene kidogo, fimbo mkononi, akasalimu kwa Kinyarwanda kwa ile sauti yake iliyokuwa haihitaji kipaza sauti. Umuhoza akaweka kiganja kwenye shavu.

Upande wa kijana ulikuwa umetoka Rubona. Kama ilivyo desturi, msemaji wao hakusema walikuja kutaka binti. Alisema kwa maneno ya kuzunguka kwamba walikuwa wapita njia tu, wamechoka, wanaomba maji ya kunywa. Kwenye video Bizumuremyi alimsikiliza mpaka mwisho. Akatingisha kichwa kwa huruma. Akanyamaza, kama alivyojua yeye kunyamaza, huku hema zima likingoja.

Ndipo Védaste akasikia sauti kutoka dirishani.

Mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umepanda juu, na kutoka kooni ilikuwa inatoka kama kikohozi kifupi, tena na tena. Alikuwa anacheka. Kwenye video Bizumuremyi alikuwa bado hajasema kitu, bado ameshika fimbo yake, amenyamaza. Kisha akasema: jamani, mmetoka Rubona, mna ziwa zima mlangoni, mmepanda mpaka huku kwetu kuomba maji? Na hema likaangua kicheko, likiwa la pili, baada ya mzee pale dirishani.

Umuhoza aligeuka polepole. "Simamisha, tonton," alisema.

Védaste alisimamisha. Mzee alikuwa ameacha kuangalia uani. Alikuwa anamtazama binti yake, macho yana maji ya kucheka, na hayakuwa macho ya mtu asiyejua.

"Papa," Umuhoza alisema. "Unatusikia?"

Mzee aliinamisha kichwa, akakiinua.

"Siku zote?"

Akainamisha tena.

Umuhoza alikitazama chumba kizima. Védaste aliona anavyorudi nyuma kwa mawazo, mwezi baada ya mwezi, kwenye kila neno lililosemwa katika chumba kile: nani atamwosha, shamba la Bugeshi nani atalichukua, baba mdogo asimame badala ya nani, mahari ya Kayitesi iwe ng'ombe wangapi. Yote mbele ya kiti hiki. Alitaka kuondoka, akaona kuondoka kungekuwa vibaya zaidi, akabaki na mikono magotini.

Kisha Umuhoza alivuta kigoda, akakaa mbele ya baba yake, magoti yakikaribia kugusana, kama binti anavyokaa akiwa na jambo la kuomba.

"Papa," alisema, na sauti yake ilikuwa haijatulia bado. "Kuko kijana moja wa Musanze, anaitwa Igor. Baba yake ni mwalimu. Wamekuja kwa ajili ya Kayitesi. Na hatujakuuliza."